Kwarteti Chini ya Bati: Mwongozo Kamili wa Kuandaa Onesho la Muziki wa Chumbani Kijijini, Mkoa wa Tanga

Tulipokuwa tunashusha selo kutoka kwenye Noah, mzee mmoja wa Pangani alituuliza kama ndani ya lile boksi mna maiti. Nikamfungulia. Akaiangalia, akaigonga mgongoni kwa kidole, akasema: "Kumbe fidla. Ila hii imekula ikashiba."

Siku hizi watu wakiniambia kwamba muziki wa chumbani hauna wasikilizaji vijijini, namkumbuka mzee yule. Mkoa huu umelelewa na taarab. Hapa ndipo bendi za Black Star na Lucky Star zilipong'ara na Shakila Said akaimba, na wazee wengi bado wanaijua sauti ya fidla na udi (ala ya nyuzi za kudonoa) tangu kabla magitaa ya umeme hayajatawala. Masikio yapo. Shida ya mwandaaji ni ukimya, na ukimya kijijini hautokei wenyewe. Unaombwa, unapangiwa saa, na mara nyingine unalipiwa. Karibu kila hatua katika mwongozo huu ni namna ya kuutafuta.

Ujue kwanza unapeleka nini

Muziki wa chumbani ni muziki wa watu wachache, kwa kawaida 2 hadi 8, ambapo kila mmoja ana sehemu yake peke yake na hakuna anayesimama mbele kuongoza. Kwarteti ya nyuzi ina fidla 2, viola 1 (fidla kubwa kidogo, yenye sauti nzito zaidi) na selo 1. Muziki huu ulitungwa kwa ajili ya kumbi ndogo na sebule. Haydn, mtunzi wa Austria aliyeandika kwarteti zaidi ya 60, alitumikia kwa miaka mingi jumba la wakuu wa Esterházy, na waliosikiliza walikuwa wamekaa karibu na wapigaji. Ukaribu ndio uhai wake. Ukiupeleka uwanja wa mpira wenye watu 500 na spika nne, umeshauua.

Kwa maana hiyo taarab asilia ya udi, fidla, nai (filimbi) na dumbak (ngoma ndogo ya mkono) ni muziki wa chumbani pia, na ushauri wangu wa kwanza ni huu: usipeleke kwarteti peke yake. Tafuta wapigaji wawili au watatu wa taarab na uwaweke kwenye programu moja na kwarteti, kwa heshima sawa na malipo sawa. Nimeona maonesho ambapo wa taarab waliwekwa kuwachangamsha watu wakati wageni wakijiandaa. Kijiji kilielewa dharau hiyo kabla ya waandaaji wenyewe.

Hesabu wasikilizaji 80 hadi 120. Wakizidi hapo, rudia onesho siku ya pili badala ya kukodi kipaza sauti.

Chagua chumba kwa viganja vyako

Nenda ukakione, picha ya simu haitoshi. Simama katikati, piga makofi mara moja kwa nguvu, nyamaza, sikiliza. Sauti ikikatika papo hapo kama umepiga makofi ndani ya kabati la nguo, chumba ni kikavu na fidla zitasikika nyembamba. Ikirudi kwa mlio wa tak-tak-tak, kuta mbili tupu zinarushiana sauti, na dawa yake ni kutundika mikeka au kanga upande mmoja. Unachokitaka ni sauti inayobaki hewani kidogo, kama sekunde moja, kisha inayeyuka.

Kumbuka kwamba chumba kitupu kinadanganya. Watu wananyonya sauti kwa miili na nguo zao. Darasa linalovuma asubuhi ukiwa peke yako litakuwa zuri kabisa jioni likiwa na watu 90. Hivyo usiogope mvumo wa wastani, ogopa ukavu.

Majengo utakayokutana nayo ni haya.

Darasa la shule ya msingi. Kuta za tofali zilizopigwa lipu, sakafu ya saruji, bati juu. Sauti ni nzuri kuliko watu wanavyodhani na kila mtu anajisikia yuko kwao, Mwislamu kwa Mkristo. Kama madarasa mawili yametenganishwa na ukuta wa mbao unaoondolewa, umepata ukumbi. Mimi huanzia shuleni.

Kanisa la zamani la mawe, kama yale ya misheni huko Muheza na milima ya Usambara. Kwa sauti, hakuna kinachoyashinda. Lakini katika kijiji chenye dini zote mbili, baadhi ya watu hawataingia, wala hawatakwambia kwa nini. Uliza mapema, kwa faragha.

Klabu au ghala la shamba la mkonge. Mashamba mengi yalikuwa na jengo la mikutano la wafanyakazi. Angalia popo, angalia nyaya za umeme.

Banda la makuti. Zuri kwa macho na kwa upepo, ila makuti hunyonya sauti na pembeni ni wazi. Kwa udi na sauti ya mtu linafaa, kwa kwarteti linafaa nusu.

Chini ya mwembe. Kila mtu atakupendekezea mwembe. Nje, kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi, na hakuna ukuta wa kuirudisha. Aliyekaa mita 4 anasikia vizuri, wa mita 8 anakaza shingo, wa mita 16 anaona watu wakitikisa mikono. Kama ni lazima, weka wapigaji mgongo kwenye ukuta wa nyumba, kalisha watu 40 kwa nusu duara, na usiende zaidi ya safu tano.

Ukiwa hapo hapo, pima sehemu ya kupigia: kwarteti inahitaji kama mita 3 kwa 3.5. Hesabu viti visivyo na mikono, maana mpigaji wa selo na wa fidla hawawezi kufanya kazi kwenye kiti cha plastiki chenye mikono kinachobana viwiko. Ulizia choo. Ulizia chumba cha kubadilishia nguo chenye mlango unaofungwa.

Siku na saa

Hapa ndipo maonesho mengi hufa. Jioni ya pwani ina ratiba yake na haikusubiri. Adhana ya alasiri ni kwenye saa 9 na nusu. Magharibi huingia kati ya saa 12 na dakika chache na saa 1 kasorobo, kutegemea mwezi. Katikati hapo ndipo penye nafasi yako: watu waingie saa 10, muziki uanze saa 10 na nusu, uishe saa 11 na dakika 45. Utamaliza na mwanga wa jua, hutahitaji jenereta, mama atawahi kupika na hakuna atakayekuwa katikati ya harakati ya taratibu (sehemu ya polepole ya kazi ya muziki) msikiti unapoita. Wageni hupenda kupendekeza saa 2 usiku kwa sababu kwao ndiyo saa ya maonesho. Kataa kwa upole.

Epuka Ramadhani yote. Epuka masika, Machi hadi Mei, kwa sababu ya barabara na bati, na ukiweza epuka vuli pia, Oktoba hadi Desemba. Juni hadi Septemba ndio msimu wako. Uliza siku ya gulio: watu watakuwapo wengi lakini wana mizigo na haraka. Halafu angalia ratiba ya ligi. Siku ya Simba na Yanga usijisumbue hata kufungua boksi.

Barua, hodi na chai

Andika barua kwa mtendaji wa kijiji, nakala kwa mtendaji wa kata na afisa utamaduni wa halmashauri, walau wiki nne kabla. Eleza ni nini, wapi, saa ngapi hadi saa ngapi, watu wangapi, na kama kuna kiingilio. Toa taarifa kituo cha polisi. Kama unauza tiketi au unaleta wasanii kutoka nje ya nchi, peleka swali lako BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) mapema, na la vibali vya uhamiaji lipeleke sambamba, kabla hujanunua tiketi ya ndege ya mtu yeyote.

Kuhusu hakimiliki: sheria yetu hulinda kazi kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Mozart alifariki 1791, Haydn 1809, Schubert 1828, kwa hiyo nota zao za zamani unaweza kuzitumia bure, na IMSLP, maktaba ya nota ya mtandaoni, inazo nyingi. Nyimbo za taarab ni habari nyingine. Mtunzi anaweza kuwa hai, tena anaweza kuwa anakaa mtaa wa tatu kutoka kwako. Muulize, mlipe, na kwa yale usiyoyajua pita COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

Barua ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kwenda mwenyewe, kuamkia wazee, kunywa chai ya rangi kwa mwenyekiti wa kitongoji, na kukubali kuulizwa maswali yale yale na watu watano tofauti. Nenda kwa imamu na kwa mchungaji au katekista, uombe watangaze baada ya swala ya Ijumaa na ibada ya Jumapili. Tangazo hilo linazidi mabango yote utakayochapisha.

Tanga wanasema waja leo waondoka leo, na wanamuziki wengi hufanya hivyo hasa: wanashuka, wanapiga, wanapanda gari. Ukiweza, walaze kijijini usiku mmoja. Ukishindwa, basi wiki moja kabla peleka wapigaji wawili shuleni kwa nusu saa. Watoto waguse nyuzi, wajaribu uta, waone kwamba zile ni singa za mkia wa farasi. Watoto hao jioni watawaleta mama zao na bibi zao.

Mashine ya kusaga

Rudi kwenye jengo siku ile ile ya wiki na saa ile ile utakayofanyia onesho, keti dakika 40, andika kila kelele unayoisikia. Mimi siku moja niliandika: mashine ya kusaga, kijiwe cha bodaboda, kibanda cha video, kwaya ikifanya mazoezi, jogoo.

Kila kelele ina mwenyewe. Mwenye mashine ya kusaga anapoteza mapato ukimwomba azime kwa muda wa saa moja na nusu, hivyo mlipe fidia, kabla, mkononi. Vijana wa bodaboda wape kazi ya kuongoza magari na wazee wasiojiweza kwa nauli ya kawaida. Ukiwaajiri, hawatapiga honi mlangoni. Mwenye kibanda cha video mpe viti viwili vya mbele. Jogoo mwache.

Ulizia pia kama kuna harusi. Hakuna fidia itakayoizima ngoma ya harusi, na wala hustahili kuomba. Badilisha siku.

Kusafirisha ala

Ala za mbao huunganishwa kwa gundi ya asili ya wanyama, ambayo hulegea kwa joto na unyevu. Mafundi wanaipenda kwa sababu hiyo hiyo, maana wanaweza kuifungua ala bila kuivunja. Lakini gari lililofungwa juani Muheza saa 7 mchana halina fundi. Kamwe usiache ala ndani ya gari lililosimama, hata kwa dakika za kula chipsi. Selo inakaa kwenye kiti chake kama abiria, imefungwa mkanda, si kwenye buti wala juu ya keria. Kwenye bodaboda ndiyo usiseme.

Tanga mjini hadi Pangani ni kilomita 50 hivi, lakini ongeza saa moja kwenye makadirio yoyote. Ukipanda Lushoto, mita 1,400 hivi juu ya bahari, hewa inabadilika na nyuzi zote zitahama. Vigingi vya kukazia nyuzi vilivyovimba kwa unyevu wa pwani hugoma kuzunguka. Sabuni kavu kidogo husaidia. Vikikauka huteleza, chaki ya ubaoni husaidia. Beba vyote viwili, pamoja na seti kamili ya nyuzi za akiba, kwa sababu Korogwe huzipati. Ndani ya kila boksi weka vipakiti vya kunyonya unyevu, vile vinavyokuja na viatu vipya.

Programu

Dakika 60 hadi 70, bila mapumziko. Ukiweka mapumziko, nusu ya watu wataenda kutazama ng'ombe wao na hawatarudi.

Anza na taarab: bashraf fupi, ambayo ni muziki mtupu bila maneno, unaopigwa kufungua shughuli. Kisha harakati moja ya haraka ya kwarteti, dakika 5 hivi. Baada ya hapo mshereheshaji awajulishe wapigaji na ala moja moja, kila moja ilie kidogo. Sasa watu wameshajua nani ni nani, na ndipo waweza kuwapa kitu kizito: harakati ya taratibu, kwa ukamilifu wake, usiikate. Waandaaji wengi huogopa hapa na kujaza vipande vyepesi tu. Katika maonesho niliyoandaa, harakati ya taratibu ndiyo watu wanayoiulizia baadaye. Malizia na kipande kimoja ambacho wote wanapiga pamoja.

Kipande hicho cha pamoja kinahitaji mazoezi mawili, si moja. Fidla, selo na udi hazina vizuizi vya vidole kama vile vya shingo ya gitaa, hivyo zinaweza kufuata maqam (ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu) zenye sauti za katikati ambazo kinanda hakina. Wapigaji wa kwarteti waliosomea Ulaya wataziona zile sauti kama makosa siku ya kwanza. Siku ya pili wanaanza kuzitafuta. Kama una klarineti badala ya nyuzi, kwake ni kazi ngumu zaidi. Ila mwambie mshereheshaji awaeleze watu kwamba klarineti nyingi nzuri duniani zimechongwa kwa mpingo, mti wa misitu ya Kilwa na Lindi. Ukumbi utaguna wote kwa pamoja.

Sasa makofi. Huko kwingine watu hungoja kazi nzima iishe ndipo wapige makofi. Usilete sheria hiyo. Mtu akiguswa, vigelegele vitatoka, na ndivyo ilivyo. Kutunza ni jambo la kupangiwa: ruhusu wakati wa taarab, watu wainuke wacheze na kutoa hela kama kawaida yao. Kwenye kwarteti mshereheshaji aseme mapema, kwa utani, kwamba mpigaji selo mikono yake yote imeshikwa, noti yake itunzeni mfukoni hadi mwisho. Nilisahau kusema hivyo mara moja, na bibi mmoja alimbandika mpigaji viola noti ya elfu moja kwenye paji la uso katikati ya mstari wake. Alipiga hadi mwisho bila kuidondosha, na bado anasimulia.

Kutyuni

Kama kuna akodiani, huyo ndiye mfalme. Sauti zake zimefungwa ndani na hazibadiliki, hivyo wengine wote wamfuate. Bila akodiani, kubalianeni noti ya la iwe hezi 440. Kanuni, ala bapa ya taarab, ina nyuzi zaidi ya 70, hivyo mpigaji wake aanze saa moja na nusu kabla, chumbani humo humo. Wafanye kazi hiyo kabla milango haijafunguliwa.

Siku yenyewe

Fika muda wa saa nne kabla ya muziki kuanza. Weka wapigaji kwenye ukuta mfupi, wakiupa mgongo, wasiwe katikati ya chumba. Nyuma yao ukuta tupu au ubao, usitundike pazia. Dirisha liwe pembeni: mwanga wa jioni ukiingia kwa nyuma yao nota zinakuwa nyeusi, ukiingia kwa mbele wanapofuka. Upepo wa bahari utageuza kurasa, kwa hiyo vibanio vya nguo, viwili kwa kila stendi. Mwiba wa chuma wa selo huteleza kwenye saruji. Funga mkanda wa suruali kwenye mguu wa kiti na mwiba uingie kwenye tundu la mkanda. Nimeona zulia la kisasa la kazi hiyo, halishindi mkanda.

Watoto kwenye mikeka mbele, mita 2 na nusu kutoka kwa wapigaji, na mtu mzima mmoja wanayemheshimu akae nao. Wazee kwenye viti vya kuegemea safu ya kwanza nyuma ya mikeka. Wenye watoto wachanga karibu na mlango, ili watoke na kurudi bila aibu. Wanaume na wanawake waache wakae wanavyotaka. Wengi watajigawa wenyewe. Wapigaji wavae nguo za kufunika mabega na magoti.

Mvua. Bati likinyeshewa, hakuna fidla itakayosikika, na kupiga kwa nguvu zaidi ni kuchosha mikono. Novemba moja mvua ilitushukia dakika ya tatu ya harakati ya taratibu. Tulisimama. Mpigaji dumbak, bila kuulizwa, akaanza kujibizana na bati. Watoto wakapiga makofi, ikawa robo saa ya furaha, mvua ikakata, tukarudia harakati tangu mwanzo. Tangu hapo kwenye kila programu yangu kuna mstari mmoja: mvua ikinyesha, ngoma.

Hela

Gharama kubwa ni usafiri na malazi, halafu malipo ya wapigaji. Ukumbi wa kijiji mara nyingi hauna kodi, lakini changia kitu kinachobaki: balbu, mifuko miwili ya saruji, madirisha ya darasa. Kiingilio mimi sipendi kijijini kwa mara ya kwanza. Pitisha bakuli mwishoni, na tangaza pale pale, kwa sauti, kilichopatikana na kinakokwenda. Chai na maandazi baada ya muziki wapewe kina mama wa kijiji wapike, kwa kulipwa, si kwa kujitolea.

Baada ya muziki

Nyuta zilegezwe kabla ya kurudi kwenye boksi. Viti virudi vilikotoka usiku ule ule, vikihesabiwa mbele ya mwalimu mkuu. Asubuhi, kabla gari halijaondoka, pita kwa mwenye mashine ya kusaga umuulize kama fidia ilimtosha. Alivyojibu ndivyo utakavyojua kama mwakani atazima tena.